Vita vya Stalingrad au mapigano ya Stalingrad?

Msomaji mmoja, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, ameomba ufafanuzi kuhusu sentensi iliyomo katika maandalio yake ya somo: "Vita vya Stalingrad vilikuwa hatua ya kugeuka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia." (Stalingrad ni mji wa Urusi kando ya mto Volga, ambao leo unaitwa Volgograd.) Anaeleza kwamba wanafunzi wamemuuliza inakuwaje vita viwe ndani ya vita, na kwamba mwalimu mwenzake wa Kiswahili amemkosoa akisema "Vita Kuu ya" imevunja upatanisho. Yeye mwenyewe anaona "hatua ya kugeuka" haikai vizuri, ila hajapata cha kuweka mahali pake. Nitayajibu yote matatu, ingawa la tatu ndilo linalostahili nafasi kubwa zaidi.

Kwa desturi ya lugha yetu, "vita" ni jina la mapambano ya silaha ya kila kiwango. Tunasema Vita vya Badri, ilhali mapambano yale yalimalizika kwa siku moja, na tunasema Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905 vikaendelea hadi 1907 katika eneo kubwa la kusini mwa Tanzania ya leo. Kwa hiyo anayesema "Vita vya Stalingrad" hajakosea, na asikubali kuambiwa kwamba amekosea. Tatizo linazuka pale tukio na vita vinavyolibeba tukio hilo vinapotajwa katika sentensi moja, kwa sababu hapo neno lile lile linabebeshwa kazi mbili, na msomaji analazimika kutenganisha mwenyewe kile ambacho mwandishi alipaswa kumtenganishia. Katika hali hiyo ni bora "vita" liachiwe lile kubwa, na tukio lililo ndani yake liitwe "mapigano" au "pigano".

Maneno haya mawili nayo si sawasawa. "Pigano" hutufanya tufikirie tukio moja lenye mwanzo na mwisho unaoonekana, na ndiyo maana naliona linafaa kwa Midway, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki ambako manowari za Japani na za Marekani zilikabiliana kuanzia tarehe 4 Juni 1942. Asubuhi ya siku hiyo, kwa muda wa dakika chache tu, ndege za Marekani zilizipiga mabomu manowari tatu za Japani za kubeba ndege, yaani Akagi, Kaga na Soryu, na kabla ya usiku kuingia ya nne, Hiryu, ilikuwa inawaka moto. "Mapigano", kwa upande mwingine, hubeba wazo la mfululizo na la kurudiarudia. Stalingrad ni mapigano kwa maana hiyo hasa: yalianza kiangazi cha mwaka 1942 na kwisha tarehe 2 Februari 1943, na katikati ya muda huo watu walipigania mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, hata ghorofa kwa ghorofa, adui akiwa juu na wao wakiwa chini ya dari lile lile. Palikuwa na mapigano ya kiwanda cha matrekta, mapigano ya ghala la nafaka, na mapigano ya kilima cha Mamayev Kurgan ambacho kilitekwa na kukombolewa mara nyingi. Wingi wa neno unalingana na wingi wa mambo yenyewe. Neno "pambano" ningeliepuka hapa, kwa kuwa siku hizi limehamia zaidi kwenye ulingo wa ndondi na viwanja vya mpira, na si haki kuwaweka watu waliokufa Stalingrad katika sentensi inayonukia michezo.

Kuhusu "Vita Kuu ya Pili ya Dunia", mwalimu mwenzake ana hoja, ila ameisema kwa ukali kupita kiasi. Katika Kiswahili sanifu "vita" huchukua upatanisho wa vi-: vita vimekwisha, vita vikali, vita vile. Kwa mujibu wa kanuni hiyo tungepata "Vita Vikuu vya Pili vya Dunia", na wapo wanaoandika hivyo. Hata hivyo, "Vita Kuu ya Pili" imeandikwa kwa miaka mingi katika vitabu na magazeti, na wasemaji wengi, hasa mashariki mwa Kongo na katika miji ya Kenya, husema "vita ya" na "vita imeisha" katika mazungumzo yao ya kila siku bila kuona tatizo lolote. Ninachokikataa ni mchanganyiko, ambao kwa bahati mbaya nakutana nao mara kwa mara: "Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilianza mwaka 1939." Mwandishi huyo ametumia ngeli mbili kwa nomino moja kabla ya kufika kwenye nukta. Njia iliyo salama, na fupi pia, ni "Vita vya Pili vya Dunia", ambayo haiachi nafasi ya kubishania neno "kuu".

Sasa tuje kwenye "hatua ya kugeuka". Hisia ya mwalimu ni sahihi. Hatua ni kitu ambacho mtu hukipiga au hukifikia. Tunapiga hatua, tunafikia hatua, tunachukua hatua. Kusema kwamba mapigano "yalikuwa hatua ya kugeuka" kunamwacha msomaji akijiuliza ni nani aliyepiga hatua na ni kitu gani kiligeuka. Wengine hukimbilia "kituo cha mageuzi", lakini mageuzi kwetu ni marekebisho ya mfumo, kama yale yaliyorudisha vyama vingi vya siasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Stalingrad hakuna kilichorekebishwa. Kasoro ya msingi ya nomino zote hizi ni kwamba zinajaribu kukifanya kitu kile ambacho Kiswahili hukieleza kama tendo. Tumia kitenzi: vita viligeuka, mapigano yale yaligeuza mkondo wa vita, mwelekeo wa vita ulibadilika.

Faida ya kitenzi si ya lugha peke yake, kwa sababu humlazimisha mwandishi wa historia kusema wazi jambo ambalo nomino humruhusu kulificha. Ukiandika "kiligeuka", lazima useme nini. Chukua Midway: kilichogeuka pale ni uwezo wa kuamua nani ashambulie na wapi. Manowari nne zilizozama zilikuwa miongoni mwa zile sita zilizoishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, tarehe 7 Desemba 1941, na Japani haikuweza kuziba pengo lake kwa kasi ambayo viwanda vya Marekani vilikuwa vinaunda nyingine. Huko El Alamein, nchini Misri, ambako mapigano yalianza tarehe 23 Oktoba 1942, kilichogeuka ni safari ya jeshi la Rommel, jenerali wa Ujerumani: badala ya kuelekea Mfereji wa Suez, lilianza kurudi magharibi.

Stalingrad ina jambo la ziada, nalo linaendana na usemi wetu wa "kibao kikageuka", ambao hutumika pale aliyekuwa akimwonea mwenzake anapojikuta yeye ndiye anayeonewa. Tarehe 19 Novemba 1942 Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Muungano wa Kisovieti, halikuwashambulia Wajerumani waliokuwa ndani ya mji. Lilivunja ngome za majeshi ya Romania yaliyokuwa yakilinda ubavu wa kaskazini, na kesho yake yale ya ubavu wa kusini, na ilipofika tarehe 23 pande mbili za shambulio zilikutana karibu na Kalach na kulifungia Jeshi la Sita la Ujerumani ndani. Waliokuwa wakiubana mji dhidi ya mto Volga wakabanwa wenyewe, wakikosa chakula, mafuta na dawa katikati ya majira ya baridi. Wakati Paulus, kamanda wa Jeshi la Sita, anakamatwa tarehe 31 Januari, siku moja baada ya Hitler kumpandisha cheo kuwa marshali, jeshi lake lilikuwa limekwisha. Watu wapatao 91,000 waliosalia walichukuliwa mateka. Kiswahili kina mnyambuliko unaoweza kulisema jambo hilo kwa ufupi, kubana na kubanwa, kuzingira na kuzingirwa, na mwalimu akiutumia wanafunzi watakiona kile kilichogeuka bila kuhitaji jina lake maalumu.

Uangalifu huo huo unamkinga asitie chumvi. Haifai kuandika kwamba baada ya Stalingrad Wajerumani walirudi nyuma moja kwa moja, kwa sababu mwezi Machi 1943 waliuteka tena mji wa Kharkov. Ni baada ya mapigano ya Kursk, yaliyoanza tarehe 5 Julai mwaka huo, ndipo Ujerumani ilipokosa kabisa nguvu ya kuanzisha tena shambulio la kiangazi upande wa mashariki. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika kwamba Stalingrad vita viligeuka na Kursk vikathibitika kuwa vimegeuka, na sentensi hiyo itakuwa ya kweli kihistoria na nyepesi kwa msomaji.

Kuna neno la nne ambalo mwalimu hakuliuliza ila bila shaka atakutana nalo atakapofika upande wa Asia, nalo ni "kampeni". Vitabu vingine vimeanza kuandika "kampeni ya Burma" (Burma ndiyo Myanmar ya leo). Kwa msomaji wetu kampeni ni ya uchaguzi au ya chanjo, na sioni sababu ya kumsumbua, hasa kwa vile jina tunalo. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza lililoundwa na askari wa Afrika Mashariki, ambao watu waliwaita Keya, walipelekwa kupigana Burma, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya vikosi vyao. Kusema "vita vya Burma" kunatosha. Ndani ya vita hivyo kuna mapigano ya Imphal na Kohima ya mwaka 1944, ambayo yalizima shambulio la Japani dhidi ya India, na baada ya hapo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyowafuatia Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kupitia bonde la Kabaw, katika mvua kubwa na matope na malaria, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Mpangilio ni ule ule: vita kwa lile pana, mapigano kwa lile lililo ndani yake.

La mwisho linahusu "kushindwa", kitenzi chenye maana mbili ambazo somo hili linazihitaji zote. "Kushindwa na" mtu ni kuzidiwa naye. "Kushindwa kufanya" jambo ni kutoliweza. Mwezi Desemba 1941 Wajerumani walishindwa kuuteka mji wa Moscow, lakini jeshi lao lilibaki na nguvu za kutosha kufika Volga mwaka uliofuata. Stalingrad walishindwa kuuteka mji wote, na pia walishindwa na Jeshi Jekundu. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba "Wajerumani walishindwa Moscow na Stalingrad" ameyaweka matukio mawili tofauti katika kapu moja. Kwa sababu hiyo, sentensi ya mwalimu ningeiandika hivi: "Katika mapigano ya Stalingrad, yaliyomalizika tarehe 2 Februari 1943, Jeshi la Sita la Ujerumani lilizingirwa na kushindwa na Jeshi Jekundu, na mkondo wa Vita vya Pili vya Dunia upande wa mashariki mwa Ulaya ukaanza kugeuka." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini kila kitenzi kilichomo kina mtendaji anayejulikana.