Kabla hujanunua Jaguar ya zamani, lala chini kwanza

Shemeji yangu alinipigia Ijumaa usiku, sauti imejaa furaha ya mtu aliyekwisha kuamua. Ameona Jaguar XJ6 ya 1984, rangi ya dhahabu, siti za ngozi, pauni 6,500, ipo Derby. "Shemeji, hii imetunzwa bwana, inang'aa mpaka unajiona. Kesho twende ukaniangalizie kidogo." Hapo nikajua siitwi kukagua, naitwa kubariki.

Nikamwambia sawa, ila tufike saa tatu asubuhi, na amwombe mwenye gari asiliwashe kabla yetu.

Mimi nakaa Coventry, mji lilikozaliwa gari hili. Kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane kiliacha kuunganisha magari mwaka 2005, lakini mtaani kwetu bado wapo wazee ambao ukiwagusia XJ6 chai inapoa mezani. Nimemiliki mbili. Ya kwanza ilinifilisi, ya pili ninayo hadi leo. Ya kwanza niliinunua nimesimama. Ya pili niliinunua nimelala chali, tochi mdomoni.

Ninalolizungumzia hapa ni toleo la tatu la XJ6, lililotoka 1979, na lenye injini ya silinda sita likaendelea hadi 1987. Zilizo nyingi zina injini ya lita 4.2. Ukoo wa injini hiyo ulianza 1948 na ndio ulioishindia Jaguar mbio za Le Mans mara tano miaka ya 1950. Kwa hiyo muuzaji akianza kuisifia injini, mwache asifie, ana haki yake. Fundi mzuri ataifufua, na spea zake zinapatikana bila kuhangaika. Kinacholiua gari hili ni kutu. Uingereza humwaga chumvi barabarani kila baridi kali, na gari lililokula chumvi miaka arobaini linaweza kupigwa rangi likawa bibi harusi huku miguu haipo.

Hiyo yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu. Nililipa pauni 2,400, nikaendesha miezi minne nikijiona bwana mkubwa. Siku niliyolipandisha juu kubadilisha eksozi, fundi akaniita, akaweka ncha ya bisibisi kwenye kizingiti, ile boksi ya chuma inayopita chini ya milango, akasukuma kwa kidole kimoja. Bisibisi ikazama hadi mpini. Alipoichomoa ikatoka na vumbi la waridi. Puti, ule ujiuji wa kuzibia matundu ya bodi. Kuchomelea vizingiti vyote viwili na sehemu za nyuma kulinigharimu kuliko gari lenyewe, karibu mara mbili. Waliosema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti walikuwa hawajaiona Jaguar, lakini waliijua.

Basi vifaa vyangu siku hizi ni vya bei ya chai: tochi, kadibodi pana ya kulalia, na sumaku ndogo ya friji niliyoifunga kitambaa laini isichubue rangi. Bodi ya XJ6 ni chuma mwanzo mwisho, kwa hiyo sumaku lazima ing'ang'anie kila mahali. Ukiipitisha taratibu, utafika mahali inateleza kama imepakwa sabuni. Hapo chini yake kuna puti. Doa dogo kwenye mlango si kitu, huenda ulibamizwa na toroli la dukani. Kwenye kizingiti, funga safari urudi nyumbani. Bisibisi usiidunge kwenye gari la mtu bila ruhusa, ni utovu wa adabu. Gonga kwa mpini wake tu, usikilize. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkavu. Kilichooza na kuzibwa hujibu kama umegonga mkate.

Ukiwa chini, nenda moja kwa moja mbele kidogo ya tairi za nyuma. Pale kuna vyuma virefu viwili, kimoja kila upande, vinavyoshikilia mfumo wa magurudumu ya nyuma usikimbie mbele na nyuma. Vimefungwa kwenye sakafu ya gari kwa boliti na bushi ya mpira. Boliti mara nyingi ni zima. Sakafu inayoishika ndiyo huoza, kwa sababu maji ya tairi huchuruzikia hapo hapo. Kisha tambaa hadi mbele, uangalie chuma cha kukingama chini ya rejeta. Kikiwa kimepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, wakati vitu vyote vinavyokizunguka vina vumbi la miaka, jiulize aliyepaka alikuwa anaficha nini.

Juu ya gari kazi ni nyepesi. Pitisha kidole kuzunguka taa za mbele, ukingo wa chini wa madigadi karibu na mlango, matao ya tairi za nyuma, na chini ya kromu inayozunguka vioo vikubwa. Rangi iliyovimba vipele maana yake kutu inatoka ndani kuja nje. Unachokiona ni cha mwisho kufika. Za 1979 na 1980 mimi naziogopa zaidi, rangi yake ya kiwandani ilikuwa na sifa mbaya. John Egan alipochukua uongozi wa Jaguar mwaka 1980 ubora ukapanda, na gari la miaka ya katikati ya themanini lina nafuu.

Halafu matangi. Watu husahau kwamba XJ6 ina matangi mawili ya petroli, moja kila upande wa nyuma, kila moja na mfuniko wake juu ya digadi, na swichi kwenye dashibodi ya kuhama kutoka hili kwenda lile. Kuzunguka kila mfuniko kuna kishimo chenye tundu la kutolea maji ya mvua. Tundu likiziba majani, maji hukaa, na safari yake inayofuata ni ndani ya tangi. Fungua mifuniko yote miwili, mulika. Ukiwa barabarani, endesha kwa tangi la kushoto, kisha bonyeza swichi uhamie la kulia. Kuna muuzaji mmoja aliniambia, "Hilo la kulia mimi huwa silitumii." Nilimwelewa vizuri sana.

Injini sasa. Unapofika, kabla ya salamu haijaisha, weka mkono juu ya boneti. Gari lililopashwa moto kabla hujafika limefichiwa jambo: labda linawaka kwa taabu asubuhi, labda linatoa moshi wa bluu likiamka. Kule Derby saa tatu ile boneti ilikuwa vuguvugu. Mzee wa watu akasema alilisogeza tu kutoka gereji. Nikatikisa kichwa, nikaweka alama moyoni.

Ikiisha kuwaka, iache iungurume dakika ishirini bila kwenda popote, macho kwenye geji ya joto. Sindano ipande hadi katikati itulie. Ikiendelea kupanda, rejeta imeziba au imekula kutu upande wa chini, na injini hii ikichemsha mara kadhaa kichwa chake cha aluminiamu hakikusamehe. Injini ikiwa ya moto, kanyaga hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Geji ya presha ya oili isome karibu 40. Ukiachia ikashuka usizimie, kihisi chake kina tabia ya kudanganya. Matone ya oili sakafuni ni desturi ya nyumba, ila yakiwa yanatoka nyuma ya injini, pale inapokutana na giaboksi, ujue sili ya huko haibadilishwi bila kushusha injini. Mkwaruzo wa mnyororo mbele ya injini ni bili nyingine. Kijiti cha oili ya giaboksi ya otomatiki kichomoe unuse: nyekundu isiyo na harufu ni sawa, ya kahawia inayonuka kama maandazi yaliyoungua, hapana.

Breki za nyuma zimenitesa mimi binafsi, kwa hiyo nivumilie. Kwenye magari mengi diski iko pale gurudumuni, unaiona. Kwenye XJ6 za nyuma zimewekwa katikati ya gari, zimekumbatia difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Kwenye barabara linatulia ajabu, lakini sili za difu zikivuja, oili inaangukia kwenye diski moja kwa moja, na kuzifikia ni kazi ya siku nzima. Mafundi wengi huona bora kushusha mfumo wote wa nyuma. Mulika difu. Ukiona imelowa, kata bei kwa mamia, si kwa makumi. Hendibreki usiijaribu kwa kuitazama: simamisha gari kwenye kilima kidogo, uivute, uachie kanyagio.

Ndani sina mengi. Ngozi ikipasuka hushonwa. Mbao zikipauka husuguliwa. Lakini inua zulia la mbele ya siti, pande zote, ubonyeze kwa kiganja. Likiwa na unyevu, sakafu inaoza wakati mnazungumza. Buti nayo, toa tairi ya akiba uangalie kitako chake. Na tairi zenyewe, usidanganywe na kashata, yaani meno ya mpira, zilizosimama: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lililoandikwa 2309 lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2009, na mpira huo umeshakuwa jiwe.

Kuhusu karatasi, hapa Uingereza gari lililopita miaka arobaini halilazimiki tena kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka, ule wa MOT, tangu Mei 2018. Wauzaji husema hilo kama sifa. Kwangu mimi ni hofu, maana huenda hakuna jicho la fundi lililoona chini ya gari kwa miaka. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bure, utaona majibu ya ukaguzi wa zamani: maili zilivyopanda, na wapi mkaguzi aliandika kutu. Kisha mwombe muuzaji alipeleke MOT kwa hiari, wewe ulipe. Ada haizidi pauni 54.85. Anayekataa amekujibu.

Turudi kwenye lile la Derby. Sumaku ilishika vizuri hadi nyuma ya mlango wa kushoto, ikateleza. Nikarudia. Ikateleza tena, urefu wa mkono mzima. Zulia upande huo lilikuwa na unyevu. Nikatoka chini, nikajipangusa, nikamtazama shemeji. Mzee akashusha hadi pauni 5,000 kabla sijasema neno.

"Shemeji, elfu tano!" akaninong'oneza.

"Hata akikupa bure, shemeji, utalipa."

Tukashukuru chai, tukaondoka. Shemeji alinuna njia nzima. Tulipopita Hinckley akatoa simu, akaanza kupekua. "Kuna nyingine Stoke, ya 1986, ya kijani," akasema bila kunitazama. "Huyu amepiga picha mpaka chini ya gari."

"Nisomee," nikamwambia.