Usimnyweshe Gavana Mafuta

Juzi nimemkuta kijana wa karakana yetu hapa mtaa wa Gerezani, Dar, ameinamia diski ya 706, simu ya zamani ya kuzungusha namba, kopo la WD-40 mkononi, anapuliza kama anaua mbu. Dogo, unafanya nini? "Inarudi taratibu, fundi, nailainisha." Nikatoka nikanywe kahawa kwanza, maana maneno yaliyonijia mama yake hakumleta kwangu ayasikie. Niliporudi nikaona bora niyaandike, kwa sababu waliomtangulia nao walianza hivyo hivyo. Hata mimi.

1. Diski ikirudi kwa uzito, usidhani imekauka. Ni mafuta ya zamani yameganda pamoja na vumbi. Ifungue, osha gia na ekseli kwa spiriti, acha zikauke, kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano pale ekseli inapokaa. Basi. Kikombe cha gavana, yaani kidhibiti mwendo wa diski, kibaki kikavu. Vile vizito vinapunguza mwendo kwa kusugua ukuta wa kikombe. Ukivitelezesha, breki huna. Tunatafuta mapigo 10 kwa sekunde (ndiyo midundo inayopeleka namba kwenye laini), kwa hiyo zungusha 0, rekodi mlio kwa simu yako ya mkononi, uone kama mapigo yote 10 yameingia kwenye sekunde moja. Yakizidi au yakipungua, unarekebisha kwenye springi nyembamba za gavana, kidogo sana. Springi kubwa, ile inayorudisha diski, iache ilivyo.

Hapo kwenye springi kubwa ndipo nilipoumbuka.

Mama mmoja wa Upanga aliniletea simu ya 332 nyeusi, ganda la bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) nzima, haina hata ufa. Alitaka ipige kweli, si pambo la sebuleni. Diski ilikuwa nzito, nikapuliza. Ikarudi kwa kasi tamu, nikajiona bingwa, nikapokea hela yangu. Haukupita muda yale mafuta yakashika vumbi, gavana naye mara anateleza mara anakwama, na yule mama akawa anaamsha watu asiowajua usiku kwa namba zilizokosewa. Akairudisha. Badala ya kuifungua na kuiosha, nikaona kazi ya kufungua ni ndefu, nikaikaza springi kubwa mzunguko mmoja wa ziada. Kasi ikarudi. Nikaijaribu kwenye kiswichi kidogo cha kuunganishia simu cha karakanani kwa namba ya mezani ya hapa Dar, zile zinazoanza na 2, ikaita vizuri. Nikapanda bajaji nayo, nimeipakata.

Sebuleni kwake kulikuwa na chai na kashata mezani. Akasema, haya, mpigie mwanangu. Namba ya mkononi. Na namba zote za mkononi nchini mnajua zinaanza na nini. Nikatia kidole kwenye 0, nikavuta, na kabla sijafika kwenye kizuizi cha kidole diski ikagoma. Springi ilikuwa imejikunja mpaka mwisho, haina tena pa kwenda. Mtu mwenye akili angeachia pale pale, akasema mama samahani, naomba nirudi nayo. Mimi, kwa aibu ya kutazamwa, nikasukuma. Tak! Mkia wa springi ukakatika, diski ikabaki inazunguka tu huku na huku, hairudi. Yule mama akanitazama, akanisogezea kikombe. "Kunywa chai, baba." Afadhali angenigombeza.

Springi ile niliitafuta Kariakoo nzima, kila duka nililoingia wananionyesha springi za kalamu na za redio. Mwishowe nikanunua simu nyingine mbovu, ganda limepasuka, nikaing'oa diski. Bei yake ilizidi ujira wangu wote, na ule ujira nilikuwa nimeshaurudisha. Tangu hapo simu haitoki mezani kwangu bila kuzungushwa tundu zote, 1 hadi 0, na kila moja lazima ifike kwenye kizuizi bila kusukumwa.

2. Msasa kwenye kontakti, vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, ni marufuku. Kata kipande cha karatasi ngumu, kiloweshe spiriti, kipitishe katikati mara chache. Simu za Msasani na Kigamboni huja na kutu ya kijani kwa ajili ya upepo wa chumvi, hizo zinahitaji subira. Mkimaliza, angalieni zile kontakti zinazozima sikio wakati wa kuzungusha namba. Zikibaki zimegusana, mteja hasikii kitu kabisa, na wewe utahangaika na mkonga siku nzima bure.

3. Kabla hujashika thina, jua ganda ni la nini. Bakelaiti haiyeyuki kwa asetoni. ABS, plastiki ya aina nyingine, inayeyuka na kukuachia alama ya kidole chako cha milele. Huna uhakika? Sugua upande wa ndani kwa dole gumba mpaka upate joto, unuse: bakelaiti hunuka dawa ya hospitali. Sahani ya vidole, ile yenye tundu, ya plastiki angavu msiipake spiriti, inajaa nyufa ndogondogo. Na bakelaiti hailowekwi. Kuna kijana aliliacha ganda kwenye ndoo akaenda Uwanja wa Mkapa, Simba na Yanga, eti likitoka litakuwa safi. Mng'ao wa juu ulikuwa umeshalika, na chini yake ni unga wa mbao, ukanywa maji. Likatoka lina rangi ya jivu. Timu yake nayo ikafungwa, kwa hiyo sikumwongezea. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kinatosha.

4. Masika, chembe za kaboni kwenye mkonga hushikana. Igongegonge kapsuli kiganjani kabla ya kuilaani.

5. Mteja mwenye laini isiyoelewa mapigo aambiwe mapema habari ya kibadilishi cha toni, kinachogeuza mapigo kuwa milio, siyo siku ya kuchukua simu.

6. Ukijaribu kengele, mikono mbali na nyaya. Laini ikiwa kimya ina volti 50 hivi, ikiita inapanda 75 na kuendelea. Ukirushwa nitacheka kwanza, halafu ndiyo nije.