Barua kwa mwanangu: umeuliza kama inahesabika

Binti yangu mpendwa,

Ujumbe wako ulifika juzi usiku, na tangu hapo mama yako ananiuliza asubuhi na jioni kama nimeshakujibu. Umeandika kwamba tangu mtoto azaliwe huna tena asubuhi ya kukaa na Mungu. Umebaki na usiku tu, unanyonyesha gizani huku Biblia inasomwa kwenye simu kwa sauti ya chini, na mara nyingine usingizi unakuchukua kabla sura haijaisha. Ukamalizia hivi: "Baba, je, hiyo inahesabika?"

Mama yako alitaka nikujibu kwa neno moja, na neno lenyewe unalijua. Mimi nimekwama kwenye neno lako la mwisho. Inahesabika. Nimelirudia mara nyingi, kwa sababu najua lilikotoka. Lilitoka ukutani kwetu, pembeni ya mlango wa jikoni, na aliyelitundika pale ni mimi.

Unaikumbuka ile karatasi. Tarehe juu, majina yetu wanne upande wa kushoto, na penseli imefungwa kwa uzi ili isipotee. Aliyesoma sura yake na kuomba kabla ya kutoka nyumbani aliweka alama ya vema. Safu ya kaka yako ilikuwa imejaa kama ya askari wa zamu. Yangu pia. Safu ya mama yako ilikuwa nyeupe mwezi hadi mwezi, na nilipomuuliza alinijibu, "Mungu anajua nilipo." Jibu hilo liliniudhi kwa miaka. Safu yako ilikuwa na mapengo.

Ngoja kwanza nieleze kwa nini niliiweka. Nilipompokea Kristo nilikuwa mtu mzima tayari, na miaka minne ya mwanzo nilikuwa Mkristo wa Jumapili. Nilikuwa nikisema, "Nitaomba baadaye," na baadaye hiyo haikufika. Kisha mzee mmoja wa kanisa akanipa ratiba ya kusoma Biblia aliyoipanga mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, mwaka 1842, kwa ajili ya washirika wake. Ni kama sura nne kwa siku. Ukiifuata, mwaka unapoisha umepita Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. M'Cheyne alifariki mwaka uliofuata, hajatimiza miaka 30. Ratiba yake iliniokota kutoka kwenye uvivu wangu, na sitaacha kuishukuru. Ndiyo maana nilitaka nanyi muwe nayo mapema, msipoteze miaka minne kama mimi.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kusoma maneno aliyoyatanguliza kwenye ratiba ile. Alieleza hatari zake kabla ya faida: kusoma kwa mazoea tu, kujiona mwenye haki kwa kuwa umemaliza fungu la siku, kupitisha macho bila kusikia, na mzigo kuwa mzito kuliko mabega ya anayeubeba. Mimi nilikuwa nimepewa karatasi yenye sura na tarehe, bila maneno hayo. Lakini hata ningepewa, sina hakika kwamba ningeyasikiliza. Nilikuwa nimefurahi mno kuona safu yangu imejaa.

Sasa nifike pale ambapo kalamu imekuwa ikikwepa. Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Jumatatu alfajiri, nimekuja ukutani kuweka alama yangu, nikakuta safu yako imejaa wiki nzima. Jumatatu mpaka Jumapili, vema saba, zimeandikwa kwa mkono uliobonyeza penseli kwa nguvu. Nikakuita. Nikawaita wote. Tukiwa tumekaa kwa ajili ya ibada ya nyumbani nikafungua Kutoka sura ya 16, habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani, nikawasomea jinsi Musa alivyowakataza watu wasisaze hata asubuhi, wengine wakasaza, ikaingia mabuu na kunuka, naye Musa akawakasirikia. Nikasoma na mstari wa 21, kwamba waliokota asubuhi kwa asubuhi, na jua lilipokuwa kali ikayeyuka. Nikafunga Biblia. Nikakuambia mbele ya kaka yako kwamba umemdanganya Mungu, kwamba mana ya kesho haiokotwi leo. Niliona nimepata neno la kufaa kabisa. Nilijiona nimesimama upande wa Musa.

Kisha nikachukua kifutio, nikazifuta alama sita, moja baada ya nyingine, wewe ukiwa umesimama mbele yangu. Kwenye Alhamisi karatasi ikatoboka.

Nilikuuliza kwa nini umefanya vile. Ukasema, "Niliogopa nikipitiwa na usingizi Mungu atakasirika."

Sikukujibu kitu. Nilikutuma uvae, msichelewe shule. Ninyi mlitoka, mimi nikabaki nautazama ule ukuta, na hata wakati ule nilijua kuna jambo limeharibika ambalo si karatasi. Lakini niliiacha pale ukutani miezi mingine mitano. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kifutio. Mtu anaweza kukosea asubuhi moja kwa hasira. Miezi mitano ni uamuzi.

Na sasa una mtoto wako mwenyewe, ni usiku wa manane, umechoka hata kufumbua macho, na bado unauliza kama utapewa vema.

Kwa hiyo nimerudi kwenye sura ile ile. Nimekaa nayo siku mbili hizi, nami nimeona kwamba siku ile niliifunga Biblia mahali pabaya. Mstari unaofuata tu, wa 22, unasema siku ya sita waliokota maradufu, na mbele yake kidogo Musa akawaambia waweke kilichobaki mpaka asubuhi, nacho hakikunuka wala kuingia mabuu. Bwana mwenyewe aliwawekea siku ya kutotoka kabisa. Mimi nilisimama kwenye mabuu, sikufika kwenye pumziko. Na juu yake kidogo, mstari wa 18, walipopima, aliyeokota nyingi hakuzidishiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Nilikuwa nimeisoma mistari ile kila mwaka kwa miaka kumi na zaidi, sura nne kwa siku, nikaipita nikielekea kwenye alama yangu.

Kuna jingine. Mstari wa 16 unasema kila mtu aokote kwa ajili ya hao walio katika hema yake. Sidhani mama mwenye kichanga cha wiki sita alikuwa akitoka nje alfajiri kuinama juu ya umande. Kuna mtu alitoka akamletea, akala akiwa ameketi na mtoto wake kifuani, na ikawa mana ile ile.

Lakini, mwanangu, hapa hapa nafsi yangu inanipinga. Maana bado naamini, na mnajua ninyi nyote ninavyoamini, kwamba jua likishakuwa kali mana huyeyuka. Mlikuwa mnaimalizia sentensi hiyo kabla sijaifikisha mwisho. Nimeona watu wema sana wakisema wanaomba njiani, wanaomba kazini, wanaomba popote, na kidogo kidogo ikawa hawaombi mahali popote. Mimi nilikuwa mmoja wao. Danieli alipopata habari kwamba amri imetiwa sahihi, kwamba kwa siku 30 atakayemwomba mungu au mtu yeyote ila mfalme atatupwa katika tundu la simba, aliingia chumbani mwake akapiga magoti mara tatu kwa siku, na Maandiko yanaongeza, kama alivyokuwa akifanya tokea hapo. Hayo maneno ya mwisho nayapenda kuliko habari ya simba. Siku ya hatari hakuanza kutafuta muda wa kuomba. Magoti yaliijua njia.

Na Bwana wetu, katika Marko 1:35, aliamka kungali giza akaenda mahali pasipo na watu, baada ya jioni ambayo mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kulala asubuhi ile, ni yeye. Kwa hiyo usinielewe kwamba nasema saa haina maana. Saa ina maana. Jua likishakuwa kali... basi, umeshaimalizia.

Halafu nakumbuka tena karatasi iliyotoboka, nami nakosa la kusema.

Labda nikuambie kilichonisaidia mimi baada ya kuishusha ile karatasi, maana nilipita kipindi ambacho nilikaa kwenye kiti changu cha alfajiri nikiwa mkavu kabisa. Napiga magoti, nafumba macho, mawazo yanakwenda kwenye madeni na kwenye maneno ya jana ya bosi, robo saa imekwisha sijasema na Mungu lolote. Nikaja kusoma habari za George Müller, yule aliyelea yatima Bristol, Uingereza. Anaeleza kwamba kwa miaka kama kumi alikuwa na desturi ya kuanza kuomba mara tu akishavaa, na mara nyingi mawazo yake yalitangatanga dakika kumi, robo saa, hata nusu saa. Mwaka 1841 akabadili mpangilio: akaanza kwa kusoma Neno, akitafuta chakula cha nafsi yake kwanza, na maombi yakatokea humo humo kwenye alichosoma, kama kumjibu mtu aliyeanza kusema nawe. Nilijaribu. Nilisoma mstari mmoja nikaujibu, mwingine nikaujibu. Nilikuwa nimezoea kuingia kwa Mungu nikisema mimi tu, kisha natoka. Sikuwa nimempa nafasi ya kuanza mazungumzo.

Nakuandikia hili kwa sababu wewe, gizani, umeshaanza na Neno bila kufundishwa na mtu. Linasomwa, unasikia. Ukipata nguvu ya kujibu mstari mmoja, jibu. Mmoja tu. Nimejizuia nisiandike "kila usiku," nawe utaona hapo juu nimekata maneno.

Mama yako amenyamaza muda wote huu, anashona kitambaa cha mtoto. Sasa hivi nilimsomea nilipofika, akasema, "Hujamwambia Isaya 40." Nikamwambia Isaya 40 nitamwandikia mwisho, ile ya wamngojeao Bwana kupata nguvu mpya na kupanda juu kwa mbawa kama tai. Akasema, "Siyo hiyo. Mstari wa 11." Nikafungua. Mchungaji anawakusanya wana-kondoo mikononi mwake, anawachukua kifuani, "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole."

Nimekuwa nikiipita hiyo kila mwaka nikikimbilia tai.

Nikamuuliza ameujua lini mstari huo. Akasema aliushika wewe ulipozaliwa, wakati kaka yako anatambaa na wewe unalia usiku kucha, mimi nikiwa kwenye kiti changu na mlango umefungwa. Kwa mwaka mzima, anasema, hakuwa na andiko jingine. Aliutamka akifua, akibembeleza, akipita karibu na ule mlango akikuziba mdomo taratibu kwa kiganja ili usinisumbue katika maombi yangu. Hakusema kwa lawama. Aliendelea kushona. Lakini nimeweka kalamu chini kwa muda mrefu kabla ya kuendelea na barua hii.

Basi umeniuliza kama inahesabika. Ninalo jibu, na liko hapa kwenye ncha ya ulimi, na nusu yake ingekuwa ni saa ya kuamka. Sitakupa. Nilishakupa hesabu ya kutosha ulipokuwa na miaka tisa. Kaa na mstari wa 11, na mtoto akikua kidogo, akianza kulala usiku mzima, tutazungumza tena habari za asubuhi. Unajua nitazungumza. Nisamehe kwa Alhamisi ile, na kwa ile miezi mitano.

Kuna jambo moja nataka nilifanye, nawe unisaidie. Mimi ni mzee sasa, usingizi wangu ni mwepesi, kuamka si kazi. Niandikie mtoto huamka saa ngapi usiku kunyonya. Kama ni saa nane, sema saa nane. Kama hubadilika, niandikie asubuhi ameamka saa ngapi, nikadirie. Niambie pia simu yako imefika kitabu gani, nami nitawasha taa huku niisome sura hiyo hiyo, nikutaje wewe na yeye kwa jina. Ukilala katikati ya sura, nitaimalizia mimi.

Mama yako anasema ukipata usingizi, ulale.

Wako,
Baba