Kabla hujachemsha utomvu wa mepo, upime sukari yake

Usiwashe hilo jiko. Umeandika kwamba umegema lita 120 za utomvu kutoka miti mitatu ya mepo (maple kwa Kiingereza) iliyo uani kwako, kwamba jirani amekuambia lita 40 hutoa lita moja ya shira, na kwamba kwa hiyo utachemsha mpaka zibaki lita tatu. Kisha ukauliza sufuria ipi inafaa, utomvu hukaa siku ngapi bila kuharibika, na tundu la mti huachwa lini. Mimi nimekwama kwenye hizo lita tatu, kwa sababu hesabu hiyo hiyo ilinitia aibu mwaka wangu wa kwanza hapa Vermont, Marekani.

Nilikuwa na lita 160. Nikagawa kwa 40, nikapata nne, nikatia alama ya lita nne kwenye kijiti, nikashinda uani siku mbili kwenye baridi nikiteketeza mitungi mitatu ya gesi, na utomvu uliposhuka hadi kwenye alama nikazima moto nikiwa na furaha ya bwana harusi. Rangi ilikuwa ya dhahabu na ladha ilikuwa tamu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, basi nikajaza chupa nane za nusu lita na kuwagawia marafiki wamiminie kaimati zao. Walinisifu sana. Mgema akisifiwa hulitia tembo maji, lakini mimi nililitia maji hata kabla ya kusifiwa. Kaimati zililowa kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, na Idi ilipofika chupa zilizokaa kabatini zilikuwa zikitoa povu. Moja ilirusha kifuniko, nyingine iliota ukungu. Mtoto wa Tanga nilivuka bahari yote hiyo kuja kuwagemea tembo watu waliofunga!

Nilipoazima haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha kiasi cha sukari kwenye kimiminika, na kupima utomvu uliobaki ndooni, nilikuta sukari ni asilimia 1.2 tu. Wagemaji wa huku wana kanuni ya 86: gawanya 86 kwa asilimia ya sukari, utapata lita za utomvu zinazohitajika kwa lita moja ya shira. Kwa 1.2 ni takriban lita 72, kwa hiyo lita zangu 160 zilikuwa na shira ya lita mbili na robo hivi, nami niliishia kwenye nne. Nilichogawa kilikuwa na sukari ya takriban asilimia 41, ilhali shira iliyoiva hapa Vermont inatakiwa kufikia karibu 67. Ikipungua sana chini ya hapo, chachu na ukungu hujipatia makazi.

Jirani yangu hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Yeye ana msitu wa mepo-sukari, ambao utomvu wake huzunguka asilimia mbili, na kwake lita 40 ni makisio ya haki. Lakini alisimama kwenye uzio wangu, akaitazama miti yangu iliyopukutika, akatamka namba yake kama kadhi anayetoa hukumu, bila hata kuuliza ni mepo wa aina gani. Karibu yote ilikuwa mepo-fedha, yenye majani yaliyochanika sana na weupe wa fedha upande wa chini, ambayo kwa kawaida utomvu wake una sukari kidogo zaidi. Muuza vifaa naye aliniuzia ndoo, mirija na chujio la sufi, lakini haidromita ya utomvu, yenye bei ndogo kuliko gesi niliyoichoma, hakuitaja.

Usitegemee ulimi, kwa maana utomvu wa asilimia moja na wa asilimia mbili yote miwili ina ladha ya maji. Pima kila mti peke yake: kati ya miti yangu mitano, minne ilisoma kati ya 1.1 na 1.3, na mmoja wa nyuma ya nyumba, mepo-sukari mwenye matawi mapana yanayopata jua pande zote, ulisoma 2.6, yaani lita 33 kwa moja. Kwanza itumbukize haidromita katika maji safi uone kama inasoma sifuri. Pima tena kila unapogema, kwa kuwa sukari hubadilika na aghalabu hushuka msimu unapoelekea ukingoni. Ukikuta barafu ndooni, itupe kisha upime kilichobaki, kwa sababu sehemu kubwa ya sukari hubaki kwenye kimiminika.

Hata ukishapata namba yako, itumie kukadiria gesi tu, wala usiifanye alama ya kuzimia moto. Chemsha maji matupu siku hiyo hiyo, usome kipimajoto, kisha shira iondoe inapofika takriban nyuzi nne za Selsiasi juu ya hapo, uihakikishe kwa haidromita ya shira, ambayo si ile ya utomvu. Lita zako 120, zikiwa na 1.2 kama zangu, zitakupa lita moja na theluthi mbili hivi, si tatu.

Ndoo zizike kwenye theluji usiku huu. Kesho upime mti mmoja mmoja, uniandikie hapa namba zote tatu, na majani yaliyo chini ya theluji uyafukue uone upande wake wa chini una rangi gani.