Akihama Chama, Hesabu Kadi

Habari yangu ya kwanza ya mwanasiasa kuhama chama ilikuwa ya uongo, na mimi mwenyewe sikujua. Niliandika kwamba wanachama 300 wamerudisha kadi kumfuata diwani wao, kwenye mkutano wa jioni pale Pasua, hapa Moshi. Namba nilipewa na katibu wa chama kilichompokea. Aliniandikia kwa mkono wake kwenye daftari langu, na mimi nilikuwa nakimbizana na muda kabla mhariri hajafunga ukurasa. Kesho yake asubuhi mzee mmoja wa mtaa ule akanikuta nakunywa chai karibu na stendi. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, zile kadi ulizihesabu?"

Nikamwambia niliziona mezani, rundo kubwa.

"Mimi ndiye niliyezibeba kwenye mfuko," akasema. "Zilikuwa arobaini na moja. Saba hazina jina wala picha."

Akanilipia chai, akaondoka. Ile chai ilinishinda kumeza.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, hasa mliopangiwa siasa Arusha na Kilimanjaro, kwa sababu huku habari ya kuhama chama utaiandika kabla hujaandika ya bajeti ya halmashauri. Anza na kadi. Omba kuzishika. Tazama jina, tawi, mwaka iliotolewa, na ada imelipwa mpaka lini. Mtu ambaye ada yake iliishia miaka sita iliyopita hajahama leo; alishahama zamani kimya kimya, leo kaletwa kupigwa picha. Wakikukatalia kuzishika, usiandike namba yao kama yako. Andika kwamba katibu amedai, na kwamba mwandishi hakuruhusiwa kuhesabu. Mhariri atanuna kidogo kwa sababu kichwa cha habari kitapoa. Mwache anune.

Kadi ni siku moja tu, lakini. Kama unataka kuelewa maana ya kuhama chama kwa maisha yote ya mwanasiasa, huna haja ya kwenda mbali. Panda daladala ya Himo, endelea mpaka Marangu, uliza njia ya Kiraracha. Huko ndiko alikozikwa Augustino Lyatonga Mrema, Agosti 2022. Mimi huwa nawaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu wayasome maisha yake kama daftari la hesabu, na hapa nitakaa kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na waziri anayetajwa vijiweni kama yeye. Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha na Naibu Waziri Mkuu juu yake, cheo ambacho baada yake kilikaa bila mwenyewe mpaka Doto Biteko alipopewa mwaka 2023. Alikuwa akitoa siku saba: siku saba mwizi apatikane, siku saba mume arudi kuhudumia watoto. Watu walipanga foleni ofisini kwake kama wanavyopanga kwa mganga. Mwishoni mwa 1994 akahamishiwa Wizara ya Kazi, mwanzoni mwa 1995 akatoka serikalini na CCM kwa pamoja, akaingia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi.

Wazee wenu watawasimulia mapokezi. Gari lake lilizimwa injini, watu wakalisukuma kwa mikono. Hapo ndipo waandishi wengi wa wakati ule walipopotea. Waliliona lile gari, wakadhani wameiona Ikulu. Oktoba 1995 Benjamin Mkapa akapata karibu asilimia 62, Mrema karibu 28. Si haba hata kidogo: Kilimanjaro aliizoa, NCCR ikapata wabunge 16 wa majimbo, na Arusha Mjini ikamchagua Makongoro Nyerere, mtoto wa Mwalimu, kwa tiketi ya chama hichohicho cha upinzani. (Naye baadaye alirudi CCM. Huku kwetu hadithi hii haina mwisho.) Mwaka 1996 Mrema akagombea Temeke kwenye uchaguzi mdogo akashinda, Mchagga wa Vunjo kwenye jimbo la Dar es Salaam. Mimi husema huo ndio ushindi wake mkubwa kuliko ule wa gari kusukumwa, maana hapo jina lilivuka ukoo na mlima.

Sasa fuata hesabu. NCCR ikagawanyika, kambi yake na kambi ya Mabere Marando, kiongozi mwenzake, wakavutana mpaka chama kikabaki mifupa. Mwaka 1999 akahamia TLP, chama kingine kidogo cha upinzani. Uchaguzi wa 2000 akapata asilimia 7.8 ya kura za urais. Mwaka 2005 hakufika hata asilimia 1. NCCR aliyoiacha nayo ilitoka wabunge 16 wa majimbo ikabaki na mmoja mwaka 2000. Mtu ni yuleyule, sauti ileile, utani uleule jukwaani. Viwanja bado vilijaa, maana Mrema alikuwa akichekesha na watu walipenda kumsikiliza. Kura ndizo ziliyeyuka.

Kwa nini? Jibu langu, na wengine wanalipinga, ni kwamba mara ya kwanza alihamia kwa watu wa kazi, mara ya pili alihama na wafuasi tu. Mwaka 1995 NCCR ilikuwa na wasomi, wanasheria na makatibu wa kata waliokuwepo kabla yake. Yeye aliongezea umati juu ya mfumo uliokuwepo. Alipokwenda TLP ilibidi umati ujenge mfumo, na umati haujengi. Umati unasikiliza, unapiga makofi, unarudi nyumbani kulala. Nani atakaa kituoni kulinda kura mpaka saa saba usiku bila hata soda? Hilo swali uliulize kila unapomwona mkubwa anavuka na msafara wa magari.

Mwaka 2010 akarudi nyumbani, Vunjo ikampa ubunge kwa TLP. Miaka mitano baadaye akashindwa na James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, chama kilekile alichokikimbia. Mwaka 2016 Rais Magufuli akamteua mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, ile inayoangalia wafungwa wa kuachiwa kabla ya kifungo kwisha, na mwaka 2020 TLP ikamuunga mkono Magufuli badala ya kusimamisha mgombea wake wa urais. Kutoka CCM mpaka karibu na CCM tena, robo karne. Wapo wanaoliona hilo kama kuanguka. Mimi niliyewahi kumsikiliza kwa karibu simuoni hivyo. Alipenda kazi ya kusikiliza shida za watu, na parole ni shida za watu.

Jambo la pili ni kalenda. Hili hakuna aliyenifundisha, nililiokota kwa kuumbuka.

Katiba yetu, Ibara ya 71(1)(e), inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwisha. Diwani naye vivyo hivyo kwa sheria za serikali za mitaa. Kwa hiyo anayehama katikati ya kipindi anaacha mshahara, ofisi na heshima siku hiyohiyo. Binadamu wa kawaida hafanyi hivyo bila kuwa na pa kushikilia. Anayehama Julai au Agosti ya mwaka wa uchaguzi, mara nyingi ametoka kukatwa jina au kuangushwa kwenye kura za maoni. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa ingawa hotuba ni moja, eti "nimesikiliza wananchi".

Edward Lowassa wa Monduli, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, ni wa kalenda ya Julai. Jina lake la kuwania urais kwa CCM lilikatwa Dodoma Julai 2015, wajumbe wakaimba kwamba wana imani naye, na tarehe 28 ya mwezi huohuo alikuwa Chadema, chama ambacho kwa miaka kilimpigia kelele majukwaani juu ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme. Akapata kura za urais karibu asilimia 40, akarudi CCM Machi 2019. Godwin Mollel wa Siha ni wa kalenda nyingine: aliuacha ubunge wa Chadema Desemba 2017, na Februari 2018 akaurudia uleule kwa tiketi ya CCM. Julius Kalanga wa Monduli alifanya hivyo hivyo mwaka 2018, ila uchaguzi wa 2020 CCM ikamsimamisha Fredrick Lowassa, mtoto wa Edward. Mollel akapata unaibu waziri wa Afya. Ukiwaweka hao wawili pamoja utaona kwamba kuvuka ni rahisi, kazi ni kukaa ng'ambo.

Miaka ile ya 2017 na 2018 madiwani wa Arusha na Arumeru walihama upinzani kwenda CCM kwa makundi, na kila mmoja alisema ameamua kuunga mkono juhudi za Rais. Ikafika mahali mtu akikosekana kijiweni wiki mbili wenzake wanauliza, "Huyu naye kaunga juhudi?" Niliandika sentensi ile mara nyingi mpaka nikaihifadhi kwenye simu. Ni aibu yangu nyingine. Sentensi ambayo unaweza kuinakili kwa watu kumi si habari, na mimi nilikuwa naiuza kama habari.

Halafu, mdogo wangu, usiandike "amenunuliwa" kama huna risiti. Utayasikia hayo kila kona, na bei watakutajia mpaka ya senti. Andika tarehe. Andika alisema nini bungeni mwezi uliopita, na anasema nini leo. Andika uchaguzi mdogo unafanyika lini. Msomaji wa Kaskazini ana akili zake, atajumlisha mwenyewe, nawe hutaitwa mahakamani.

Sheria yenyewe uisome pia, usiishie kwenye mazoea. Kuna wabunge 19 wa viti maalumu waliovuliwa uanachama na Chadema Novemba 2020 na bado wakakaa bungeni mpaka kipindi kikaisha, shauri likizunguka. Na ukienda Arusha, pita Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Juni 2013, kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, iliamua kwamba kumlazimisha mtu awe na chama ndipo agombee ni kuvunja haki zake. Uamuzi umetolewa hapahapa kwetu, na bado mgombea binafsi hatuna. Kama tungekuwa naye, nusu ya habari hizi za kuhama zisingekuwepo.

Posho na bahasha sina mengi ya kusema. Ukishachukua, hutaweza kuomba kuzishika kadi.

La mwisho nililochelewa kulijua ni wale wanaobaki. Mkubwa akivuka, waandishi wote wanapanda gari kumfuata. Siku hiyo wewe baki. Nenda ofisi aliyoitoka. Utamkuta mama mmoja katibu wa kata, au kijana aliyekuwa anabandika mabango, amekaa kwenye benchi hajui aseme nini kwa majirani aliowashawishi nyumba kwa nyumba. Usimrushie kinasa sauti usoni. Mwamkie, kaa, subiri. Mama mmoja wa Majengo aliniambia mambo ndani ya nusu saa ambayo bosi wake hakuyasema kwenye mikutano mitatu na waandishi, na alianza kwa kunilalamikia kwamba viti vya plastiki vya mkutano alivikodi kwa jina lake.

Watafute na wale wanaojua kabla. Mimi nilikuwa na fundi cherehani, barazani kule Mbuyuni. Siku moja nimekwenda kuchukua suruali, nikaona gwanda la Chadema limening'inia, halijatiwa vifungo. Fupi, pana tumboni, mkono wa kushoto umepunguzwa kidogo kuliko wa kulia. Kwa jinsi ninavyozijua kata za mji huu, mwenye mkono ule alikuwa mmoja tu, na wiki ileile nilikuwa nimemwona na shati la kijani la CCM.

"Hilo la nani?"

"La mteja," fundi akasema, akalivuta akalifunika na kitenge. "Wewe hukuliona."

Sikuandika, kwa sababu gwanda lisilo na vifungo si ushahidi. Nilianza tu kuhudhuria kila kikao alichokuwepo, nikakaa karibu, nikaandika kila alichokisema na alichokwepa. Alipovua gamba siku kumi na sita baadaye, mimi peke yangu nilikuwa na maneno yake ya wiki mbili nzima, na safari hii nilizihesabu kadi: kumi na nane.

Baada ya miaka mitano hivi akarudi alikotoka. Nikapita kwa fundi kumwuliza kama safari hii pia alijua mapema. Akatikisa kichwa, hakuacha kukanyaga cherehani.

"Nitajuaje, na siku hizi hapiti barabara hii? Alibakiza elfu kumi na tano."