Utafiti wa lishe: usikae kusubiri ufadhili

Mdogo wangu, nimekuelewa: una digrii ya lishe, uko Dodoma, unataka utafiti wa umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, na unauliza kama usubiri ufadhili wa nje. Usisubiri. Omba shahada ya umahiri SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na huku jitolee kwenye mradi unaochukua damu vijijini. Hapo utaijua kazi: damu ikikaa juani Kongwa kwenye kichupa cha kawaida bila kuzungushwa kwenye mashine, seli zinaendelea kula sukari na kipimo chako kinashuka saa hadi saa. Mada unayo mlangoni. Sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka, mwaka 2016 iliua watu hapo hapo Dodoma na Manyara. Ila usimchome mtu sindano kabla ya kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Na mkataba wa ufadhili mwonyeshe mwanasheria kwanza, mingine inafunga mtu miaka.