Skauti ni Gwaride Tu?

Mwezi huu barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi zimekutana kwenye jambo moja: je, skauti bado inamfundisha mtoto tabia njema na maarifa ya maisha? Tumechagua tano na kuwapa wakufunzi wa skauti wazijibu.

*Wahariri, habari za kazi. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Newala, na mwaka jana aliingia skauti. Nimenunua sare, skafu na mkanda. Ninachokiona mimi ni gwaride tu: Mwenge ukija wamepangwa barabarani, sherehe za Uhuru wako uwanjani. Zamani tuliambiwa skauti anafunzwa uaminifu na kujitegemea. Hayo bado yapo, au nimelipia kofia?*
Baba wa watoto wawili, Newala

Yapo, baba, ila si kila penye skafu pana skauti. Gwaride lina kazi yake: mtoto anajifunza kusimama, kusikiliza amri na kwenda sambamba na wenzake. Lakini hayo anayamaliza kwa majuma machache. Kikosi kinachopiga kwata mwaka mzima kimekosa la kufanya, na mara nyingi ni kwa sababu mwalimu alibandikwa skauti juu ya vipindi vyake bila mafunzo yoyote. Wakubwa nao wamechangia, maana watoto hawa wanakumbukwa siku ya mgeni rasmi tu.

Kinachojenga tabia ni kikundi kidogo chenye kazi ya kweli. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, alichukua wavulana kama 20, wa matajiri na wa wafanyakazi wa kawaida, akawagawa makundi manne, kila kundi likiongozwa na mvulana mwenzao. Mpango huo haujabadilika. Watoto sita hadi wanane, mmoja wao ni kiongozi, mwingine msaidizi, na waliobaki kila mmoja ana dhamana: hazina, vifaa, uandishi, jiko, huduma ya kwanza.

Chukua mweka hazina. Watoto wanane wakitoa shilingi 200 kila Jumamosi, hiyo ni 1,600, na baada ya wiki kumi ni 16,000. Mtoto wa miaka 12 anaandika nani katoa na nani anadaiwa, kisha anasoma hesabu mbele ya wenzake. Siku hela ikipungua shilingi 200 ndipo somo la uaminifu linapoanza. Kiongozi anayejua kazi hakimbilii fimbo wala haulizi nani mwizi. Anakaa pembeni, watoto wanapitia daftari mstari kwa mstari, na mara nyingi wanakuta kuna mtu aliwekewa alama ya kulipa kabla hajalipa. Kiongozi asiyejua anazichukua hela na kuzitunza mwenyewe “zisipotee”, na hapo watoto hawajifunzi kitu tena.

Ushahidi upo, ingawa usipambwe kupita kiasi. Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani kilifuatilia kabu skauti (skauti wadogo) karibu 1,800 wa eneo la Philadelphia pamoja na watoto 400 hivi wasio skauti, kwa takriban miaka mitatu. Mwanzoni walilingana, mwishoni kabu walikuwa mbele kwa uchangamfu, moyo wa kusaidia, upole na utii, hasa waliodumu muda mrefu. Dosari yake ni kwamba watoto walijieleza wenyewe. Utafiti mwingine, wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow mwaka 2016, uliwaangalia watu karibu 10,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958. Waliopitia skauti au Girl Guides (chama cha wasichana kinachofanana na skauti) utotoni walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 15 hivi wa kupata maradhi ya wasiwasi na mfadhaiko walipofika miaka 50. Huo nao hauthibitishi kwamba skauti ndiyo sababu, lakini si wa kutupa.

Ukitaka kumjua mwanao, usimuulize “umejifunza nini?”, atakukariria kanuni. Muulize kiongozi wa kundi lao ni nani na alipatikanaje. Muulize dhamana yake ni ipi. Muulize Jumamosi iliyopita walitengeneza nini kwa mikono. Halafu mpe tukio la nyumbani. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotukumba, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika pale Somanga, wilayani Kilwa. Skauti aliyefundishwa atakuambia mapema nani jirani ni mzee wa kubebwa, vyeti na daftari la kliniki vinafungwa kwenye nailoni gani, madumu ya maji yanajazwa lini, na kwamba taarifa inasikilizwa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa na si kwa wapiga soga wa kijiweni. Akikujibu mawili kati ya hayo, hujalipia kofia.

*Mjukuu wangu tunampeleka jando Desemba hii. Baba yake yuko Dar, anataka aende kambi ya skauti badala yake, eti ndiko kwenye adabu. Mimi nasema jando linatosha. Nani kakosea?*
Bibi, Mikindani

Shikamoo, bibi. Hakuna aliyekosea, ila baba yake amevipambanisha vitu visivyoshindana. Jando linamvusha mtoto hatua moja ya umri, mara moja, mbele ya ukoo na somo wake, yaani mlezi wake wa jandoni. Skauti ni ya kila wiki kwa miaka, na nguvu yake iko kwenye kurudia. Mtoto hawezi kuishika dira kwa kusimuliwa usiku mmoja, na jando halikusudii kumfundisha dira. Kwa upande mwingine, hakuna kiongozi wa skauti atakayemweleza yeye ni nani katika ukoo wake, na tungeshangaa akijaribu.

Linalogongana ni kalenda tu. Likizo za Juni na Desemba ndizo za jando na unyago, na ndizo hizo hizo watu wanazopangia kambi. Mwambie kiongozi wa kikosi mapema. Anayeijua kusini ataweka kambi ya usiku mmoja katikati ya muhula. Kama mtoto ametoka kutahiriwa, asiende kambini wala kuogelea mpaka kidonda kipone kabisa na mhudumu wa afya amkague.

*Nimekabidhiwa skauti 60 katika shule ya msingi. Sina kamba, sina hema, sina bajeti. Nianzie wapi?*
Mwalimu, Ruangwa

Mwalimu, anza kwa kutowasimamisha 60 kwenye mstari mmoja. Gawa makundi manane: manne ya watoto wanane, manne ya saba. Changanya wakubwa na wadogo, maana wakubwa wakikaa peke yao wadogo watabaki kuchota maji. Kila kundi lichague kiongozi wake, naye akae muhula mzima. Akibadilishwa kila wiki hakuna anayejifunza kuongoza. Wewe wafundishe viongozi hao wanane siku ya Alhamisi kwa dakika 40, na Jumamosi wao ndio wawafundishe wenzao. Watakosea. Ukiingilia kila wanapokosea, watoto watakutazama wewe na kiongozi atakuwa pambo.

Kamba ya katani ya unene wa kidole kidogo inatosha, vipande vya mita 2, kimoja kwa watoto wawili. Vipande 30 ni mita 60. Funga ncha kwa uzi zisifumuke. Fundo la kwanza liwe la kitanzi kisichokaza, lile la kumtoa mtu majini au kumfunga mbuzi asijinyonge. Shika kamba kama sentimita 60 kutoka kwenye ncha. Tengeneza kiduara kidogo, upande wa ncha ulale juu ya upande mrefu. Ncha ipite chini ya kiduara na kupanda ndani yake, izunguke nyuma ya kamba ndefu, kisha irudi kushuka ndani ya kiduara kile kile. Shika ncha pamoja na mguu wa kitanzi ulio jirani nayo, vuta kamba ndefu. Likifumka lote mikononi, basi kiduara kilipinduliwa, upande wa ncha ukawa chini. Hilo ndilo kosa la watoto tisa kati ya kumi. Ncha inayobaki isipungue shibiri moja, la sivyo fundo linateleza likilegea. Mtoto amelijua pale anapolifunga amefumba macho, mvua ikinyesha.

Kambi ya kwanza iwe ya usiku mmoja, watoto 24 tu, hata kwenye uwanja wa shule. Hesabu wafanye wao. Maji ya kunywa, kupika na kuoga kwa uchache ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo 24 wanahitaji lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Huko juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yananunuliwa kwa dumu, hesabu hiyo peke yake ni somo la matumizi. Chakula cha jioni: unga kilo 6, maharage kilo 2 na nusu, yaliyolowekwa tangu usiku uliopita. Yasipolowekwa kuni zitaisha saa nne za usiku na watoto watalala na uji. Waache walale na uji mara moja. Hawatasahau tena kuloweka. Choo kikiwa cha kuchimba, kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo cha maji, upande wa chini wa mteremko, na jivu liwekwe kando. Jiko lisiwe chini ya mkorosho: majani makavu yanashika moto upesi, na mkorosho wa mtu ukiungua hilo si kosa la kitoto.

Neno la mwisho kwako ni korosho. Kuanzia Oktoba watoto wako shambani wanaokota na mahudhurio yanashuka. Usiwafukuze. Fupisha mkutano uwe saa moja, uhamishie jioni, na somo la msimu huo liwe mizani: kusoma kilo, kuandika stakabadhi, kumhesabia mzazi. Mzazi akiona faida hiyo, Februari atamleta mtoto mwenyewe.

*Binti yangu ana miaka 12, anataka kuingia skauti. Nina hofu mbili: kulala kambini na wanaume wakubwa, na kwamba skauti ni mambo ya misheni. Sisi ni Waislamu.*
Mama, Kilwa Masoko

Mama, la pili ni jepesi. Ahadi ya skauti inamtaja Mungu na kumwachia kila mtoto dini yake. Nchi yenye skauti wengi kuliko zote duniani ni Indonesia, ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Skafu inavaliwa juu ya hijabu bila tatizo, na ratiba ya kambi lazima iache nafasi ya sala, ikikosa, ulalamike.

La kwanza ni hofu ya haki. Chama cha skauti cha Marekani kiliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2020 kwa sababu ya madai ya watoto kudhalilishwa, na zaidi ya watu 80,000 walijitokeza kudai. Kwa hiyo usione haya kuuliza. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja, si hemani, si kwenye gari, si kwenye simu: daima wawe watu wazima wawili. Kambi yenye wasichana iwe na kiongozi mwanamke anayelala huko, na mahema ya wasichana yawe mbali na ya wavulana. Upewe barua ya ruhusa yenye mahali, tarehe na namba za viongozi. Muulize kiongozi mafunzo yake. Aliyemaliza Wood Badge, kozi ya viongozi iliyoanza Gilwell Park karibu na London mwaka 1919, huvaa shanga mbili za mti kwenye uzi wa ngozi shingoni. Shanga si dhamana ya tabia, lakini asiye na mafunzo yoyote asiwachukue watoto usiku. Ukijibiwa “mama, tuamini tu”, mrudishe binti nyumbani. Na binti ajue namba 116, ya kutoa taarifa za watoto, bila malipo.

*Shikamooni. Nina miaka 13. Rafiki yangu anasema mtu akiumwa na nyoka ufunge kamba kwa nguvu, umchanje na umwekee jiwe jeusi. Skauti anafanyaje?*
Mwanafunzi, Nachingwea

Marahaba, mwanetu. Rafiki yako ana nia njema, lakini yote matatu yaache. Kamba iliyokazwa inazuia damu, na kwa sumu ya kifutu, ambayo huozesha nyama, mguu unaweza kupotea. Chale zinaongeza damu na vidudu. Jiwe halivuti sumu.

Fanya hivi. Ondokeni alipo nyoka, msimfukuze. Mlaze mgonjwa, asitembee hata hatua kumi, maana misuli ikifanya kazi sumu inasambaa. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Funga mguu kwenye ubao au fito usichezecheze, bila kukaza. Andika saa aliyoumwa. Usimpe aspirini, pombe wala dawa ya kienyeji ya kunywa. Mbebeni hospitali moja kwa moja: fito mbili za mita 2 na nusu zilizonyooka, khanga mbili zilizofungwa imara au mashati mawili yaliyofungwa vifungo, fito zikipita kwenye mikono ya mashati hayo, na watu wanne wa kubeba. Kabla ya kumlaza mgonjwa, mjaribuni machela kwa mwenzenu mzima. Na kama ni swila aliyemtemea machoni, asisugue. Mwoshe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20, kichwa kikiwa kimeinama upande wa jicho lililotemewa, kisha hospitali vilevile.